Mkwe Alinitazama Kupitia Tundu

Kama gazeti la wiki jana lilikupita, au mwenye duka alikufungia nalo sukari kabla hujalisoma, nitakurudishia kwa kifupi.

Mimi ni Gideoni wa Mahongole, hapa Makambako. Nampenda Getruda, binti wa Mzee Elieza wa Njombe. Nilikuwa na ng'ombe wawili wa mahari, mzee akawakataa. Alisema babu zake walioa kwa majembe waliyoyafua wenyewe kwenye moto wao, kwa hiyo hamtoi binti yake kwa mtu aliyeshika kamba ya ng'ombe tu. Anataka chuma. Chuma kilichounganishwa nyumbani kwangu, kwa mkono wangu, mbele ya macho yake. Atakuja Jumamosi na vyuma vyake mwenyewe, na kitakachotoka hapo ndicho mahari.

Kosa ni langu. Nilikuwa nimejitapa kote, kuanzia njia panda mpaka sokoni, kwamba mimi ni fundi wa kuchomelea. Gereji nimefanya kazi miaka minne, hilo ni kweli. Nilichosahau kusema ni kwamba miaka yote minne mimi nilishika chuma upande huu, mwenzangu akachomelea upande ule.

Na jambo moja zaidi, ulishike, maana ndilo lililonimaliza. Kwao Getruda, mchumba na baba mkwe hawasemezani. Hata mkikaa mkeka mmoja, magoti yanagusana, neno lazima lipite kwa mshenga. Siku baba mkwe akikusemesha mwenyewe kwa jina lako, ujue amekutoa. Umeshakuwa mgeni kama wageni wengine.

Mshenga wangu ni Yonathani, jirani yangu, mtu wa maneno machache, aliyefiwa na mkewe miaka mitatu iliyopita. Tulipoachana wiki jana, nilikuwa sina mashine, sina baba mkwe, nina siku tano.

Sasa endelea.

Jumatatu nyumba yangu ilijaa. Si ajabu, nyumba yangu haijawahi kuwa tupu. Shangazi Telesia, aliyenilea, akipika kwa watu wanne wanakula tisa, na mimi ndivyo nipendavyo. Ulanzi, pombe yetu ya mianzi, ulikuwa wa msimu, mtamu bado, watu wamekaa mpaka kizingitini. Ajenda ilikuwa moja tu: Gideoni anunue mashine gani.

Kila mtu alikuwa na jibu. Mpagazi wa soko alikuwa na jibu. Mzee mmoja ambaye hajawahi kuona chuma kikiunganishwa isipokuwa kwa kamba, naye alikuwa na jibu, tena refu.

Yonathani alingoja wamalize. Kisha akasema kwamba chini ya kitanda chake ana mashine ya gesi, aliyoipata alipokuwa fundi kwenye karakana ya misheni. Pipa dogo la mawe ya kabaidi, unayatia maji yanatoa gesi. Mtungi mmoja, mipira miwili, na mdomo wa shaba wa kutolea moto. Haina kelele. Angenipa kwa ng'ombe mmoja, na juu ya hapo angenifundisha kuitumia.

Shangazi akauliza inanuka vipi.

"Kama kitunguu saumu," Yonathani akasema.

Watu wakacheka. Nami nikacheka, Mungu anisamehe. Nikamfikiria Mzee Elieza amekaa kwenye kiti cha heshima, nami mkwewe mtarajiwa nimeinama juu ya kitu kinachonuka kitunguu saumu, kinazomea taratibu kama chatu aliyeshiba. Nani angekuja kutazama kitu kama hicho?

Jumanne nikashuka sokoni. Getruda alikuwa amekuja na lori la viazi, pamoja na mjomba wake. Tukasemezana kwa ujanja, mimi najifanya nachagua viazi, yeye anajifanya ananipimia.

"Umeuliza baba analeta chuma gani?"

"Chuma ni chuma, Getruda."

"Si kweli. Ukichukua sindano ya kushonea magunia, ukashonea gauni langu la kipaimara, itakuwaje?"

"Nitakushonea gauni jipya."

Hakucheka. Aliniambia nimtume Yonathani Njombe, akaulize, kisha ndipo nichague mashine. Nikasema nitamtuma. Akaniongezea viazi vitatu bila malipo, mjomba akageuka, tukaachana.

Sikumtuma. Ningemtumaje muuzaji akaniulizie kama bidhaa yake inahitajika? Angerudi kusema gesi. Hata mzee angekuwa analeta reli nzima ya treni, angerudi kusema gesi. Hivyo ndivyo nilivyomfikiria mtu ambaye alikuwa amekwenda Njombe mara nne kwa ajili yangu, mara mbili kwa miguu.

Jumatano nikakutana na Linus.

Linus alikuwa mtunza stoo wa kambi moja ya barabara. Bwana wake Mzungu alikuwa anarudi kwao, anauza vitu, na Linus ndiye aliyepewa kazi ya kuviuza. Akanipeleka nyuma ya kambi. Pale kulikuwa na injini ya petroli, kubwa kama ndama, mgongoni imebeba dainamo, nyaya zake nene kama mkono wa mtoto. Mashine ya umeme. Unabana kijiti cha kuchomelea kwenye koleo, unagusa chuma.

Linus akaiwasha. Ardhi ikatetemeka. Akagusa vipande viwili vya springi ya lori, na pale pale ukatoka mwanga wa buluu ambao sijaona mfano wake. Cheche ziliruka mpaka kwenye ua. Watoto wakaja mbio. Akina mama waliokuwa wanatoka kisimani wakasimama na ndoo zao kichwani. Karani wa Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, alikuwa anapita na baiskeli, akashuka.

Linus akanipa koleo. "Jaribu, fundi."

Nilipogusa mimi, kundi zima likasema aaa.

Basi. Ningekuwa mwongo nikisema nilifikiri zaidi ya hapo. Sikuuliza inafaa chuma cha unene gani. Nilihesabu waliokuwa wanatazama, wakafika thelathini na mmoja, nikaona mashine ndiyo hii.

Linus alitaka ng'ombe wote wawili na baiskeli. Nikampa ng'ombe wote wawili na baiskeli.

Jioni nikamwambia Yonathani. Alikuwa anapalilia maharage. Akanyoosha mgongo, akaniuliza kama nilijua mzee analeta nini. Nikamwambia mashine yangu inaunganisha springi ya lori, itashindwa na nini?

"Sawa, bwana," akasema, akainama tena.

Hakuwahi kuniita bwana kabla ya siku ile.

Alhamisi nikafanya mazoezi uani. Habari zilikuwa zimeenea, maana Shangazi Telesia hawezi kulala na habari ndani. Walikuja watu kama arobaini. Wakakaa kwa mistari, wafupi mbele. Nikaunganisha jembe bovu la plau. Nikaunganisha bawaba ya geti. Nikaunganisha vyuma viwili ambavyo havikuhitaji kuunganishwa, kwa kuwa tu waliomba tena.

Linus alikuwa amenipa kioo kimoja cheusi cha kuziba macho, na kunionya niwaambie watu wasitazame ule mwanga. Sikuwaambia. Wasingetazama, ningechomelea kwa ajili ya nani?

Ijumaa alfajiri nikaamshwa na kilio.

Kwanza Shangazi. Kisha wageni wanne waliolala sebuleni. Kisha majirani, nyumba moja baada ya nyingine. Macho mekundu kama pilipili, machozi yanatiririka, kila mtu anasema ametiwa mchanga. Nikawakalisha kibarazani na vitambaa vya maji ya baridi usoni, watu ishirini na kitu, wanalia.

Sasa wewe fikiria mpita njia anaona nini. Anaona kibaraza kimejaa watu, wote wanalia, vitambaa usoni. Haulizi mtu. Anakwenda nyumbani kuchukua unga.

Saa nne akina mama wa Mahongole walikuwa wanaingia na kuni kichwani. Wanaume wakaketi chini ya ukuta, kofia mapajani. Mzee wa kanisa akaanzisha wimbo wa mazishi, sauti nzito, na wenye macho mabovu wakaitikia kwa kuwa wanaupenda. Nikawa nakimbia kutoka mtu hadi mtu nikieleza hakuna aliyekufa. Wakanipa pole. Mama mmoja akanikumbatia, akasema marehemu alikuwa mtu mwema.

Walipoelewa, unga ulikuwa umeshamiminwa kwenye sufuria. Na unga wa msiba haurudishwi, hilo kila mtu analijua. Wakapika. Wakala. Wakaamua, kwa kuwa wako hapo tayari, wangoje Jumamosi wamwone mkwe.

Ndivyo ilivyokuwa kwamba Mzee Elieza aliposhuka kwenye lori saa nne ya Jumamosi, alikuta watu zaidi ya sitini, nusu yao wanafuta machozi.

Alikuwa mrefu, koti jeusi, kofia mkononi. Akaamkia watu wote kamwene, kamwene, mmoja mmoja, isipokuwa mimi, na hiyo ndiyo ilikuwa heshima yangu. Akakaa. Yonathani akakaa katikati yetu, hatua tatu huku, hatua tatu kule.

"Mwulize kijana," mzee akasema, "tumefika msibani?"

Nilikuwa nimesikia, lakini nikangoja Yonathani anigeukie.

"Mzee anauliza kama tumefika msibani."

"Mwambie hapana, ni furaha."

"Anasema ni furaha."

Mzee akamtazama Shangazi Telesia, ambaye macho yake yalikuwa yamevimba mpaka yamefunga.

"Mwambie furaha ya hapa inaumiza."

Watu wakacheka, hata mimi nikapata pumzi. Nikajua leo mambo yatakwenda. Nikaiwasha injini. Nikavaa kioo. Nikaomba chuma kiletwe.

Vijana wawili wakapanda kwenye bodi la lori, wakashusha mabati.

Sijasema vyuma. Nimesema mabati. Mabati meusi, yaliyonyooshwa, membamba hivi kwamba yakiguswa na upepo yanapiga kelele yenyewe. Mzee akaeleza, kupitia Yonathani, kwamba mkewe Mama Ema amekohoa kwa moshi wa jikoni miaka saba, na baridi ya Njombe haimruhusu kupikia nje. Kwa hiyo mahari ya Getruda ni jiko la bati, lenye bomba refu la kutoa moshi nje ya nyumba. Mama yake Getruda apumue, binti aondoke kwa amani.

Mahari nzuri kuliko hiyo sijawahi kuisikia.

Nikagusa bati la kwanza.

Paa. Tundu. Kidole gumba kingepita bila kuomba njia.

Nikahamia pembeni kidogo. Tundu la pili likaungana na la kwanza. Mashine ya Linus ilikuwa na mahali pa kupunguza ukali, nikapunguza mpaka mwisho, nikagusa tena, bati likajikunja kama jani lililotupwa motoni. Likadondoka kipande. Kuku akakimbia.

Nikazima injini.

Mzee Elieza akainuka. Akaliokota lile bati, akalipuliza, akaliinua mpaka usawa wa uso wake. Jicho lake likatokea upande wa pili.

"Mwambie kijana," akasema, "namwona vizuri."

Yonathani hakunifikishia hilo. Alinionea huruma.

Nikamvuta nyuma ya nyumba. Nikamwambia nisaidie, kaka yangu, nimekwisha. Hakunikumbusha maharage, hakunikumbusha kitunguu saumu. Akanionyesha mkokoteni wake wa ng'ombe, umesimama kwenye kivuli cha miti ya miwati tangu asubuhi. Chini ya magunia lilikuwepo lile pipa, mtungi, mipira miwili, na mdomo wa shaba.

"Nilidhani utaihitaji," akasema. "Njoo ushike wewe. Nitaushika mkono wako kwa juu, nikuongoze. Kazi itaenda polepole, lakini itakuwa ya mkono wako."

Hapa, msomaji wangu, ndipo ninapotaka unisikilize, maana hili sijamwambia mtu mpaka leo naliandika gazetini.

Nilichungulia kwenye kona ya nyumba. Nikawaona wale watu sitini. Nikajiona mimi, fundi wa Makambako, nashikwa mkono kama mtoto wa darasa la kwanza anayefundishwa kuandika a.

"Chomelea wewe," nikasema. "Mimi nitakaa na wageni."

"Gideoni. Mbele ya mzee?"

"Nyumba ni yangu, wageni ni wangu. Atajua ni kazi ya kwangu."

"Una hakika?"

Aliniuliza tena, mara ya pili, kwa sauti ya chini kabisa. Nikamwambia aache kunichelewesha.

Yonathani akatoa mashine yake uani. Akavunja mawe ya kabaidi, akatia maji, ile harufu ikaja, na hakuna aliyecheka. Moto ulikuwa mdogo, wa buluu, unakaa pale anapouweka. Alikuwa anapitisha ule moto kwenye ukingo wa bati, na bati linaitika, linalainika, linashikana na mwenzake bila hata kubadilika umbo.

Mimi nikazungusha ulanzi. Nikawasimulia wageni kisa cha lori lililopoteza gurudumu kwenye mteremko wa kwenda Njombe, kisa ambacho hakijawahi kushindwa. Nilipofika kwenye gurudumu, nikaona kigoda kimoja kinageuzwa kuelekea kwa Yonathani. Halafu kingine. Halafu benchi zima. Mwisho wa kisa nilimsimulia Shangazi peke yake, naye ni kwa kuwa alikuwa na kitambaa machoni.

Saa tisa jiko lilisimama. Bomba lake lilikuwa refu kuliko mzee mwenyewe, limenyooka, mishono yake myembamba kama ya fundi cherehani.

Wakawasha kuni ndani. Tukangoja. Moshi ukatoka juu kabisa ya bomba, ukaenda zake, na hapa chini hakuna aliyekohoa.

Mzee Elieza akavua kofia. Akalizunguka lile jiko mara moja. Alipofika mahali ambapo bati lilikuwa bado la baridi, akaupitisha ukucha kwenye mshono, kutoka juu mpaka chini, usikwame popote. Nadhani alikuwa anamfikiria Mama Ema.

Kisha akanigeukia.

"Gideoni," akasema.

Watu wote uani waliacha kutafuna.

"Gideoni, asante kwa kutupokea. Umetulisha vizuri. Una nyumba yenye watu wengi."

Maneno matamu, ya upole, kama mtu anavyomuaga mwenyeji wake. Nikamtazama Yonathani anifikishie, kwa mazoea tu. Yonathani alikuwa anatazama chini. Hapakuwa na cha kufikisha. Mzee alikuwa amenisemesha mwenyewe, kwa jina langu, uso kwa uso.

Nilitaka kusema ng'ombe wangu. Nilitaka kusema baiskeli yangu. Nilitaka kusema Getruda yuko Njombe, anamenya viazi, hajui lolote.

Na bado mzee hakuwa amemaliza.

Yonathani alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka kwake, mdomo wa shaba bado mkononi. Angeweza kumgusa bega. Siku hiyo nzima walikuwa wamesemezana moja kwa moja, mzee na mshenga, mara mia. Lakini sasa Mzee Elieza alimpita kwa macho kana kwamba haruhusiwi kumwona. Akazungusha kichwa kutafuta mtu. Akampata Shangazi Telesia, pale kibarazani, na kitambaa chake.

Akamwendea, akainama kwa adabu.

"Mama," akasema, "naomba unifikishie neno kwa Yonathani. Mwambie kazi ya mkono wake nimeiona. Halafu mwulize, kwao ni nani anayezungumza kwa niaba yake."

Yonathani alifungua mdomo. Akaufunga. Mpaka leo sijui kama alinyamaza kwa aibu au kwa heshima, kwa kuwa kuanzia dakika ile alihesabiwa mchumba, na kwa desturi yao hakuruhusiwa kumjibu mzee mwenyewe, hata kama jibu lilikuwa hapana.

Wote tukamgeukia Shangazi.

Tangu nizaliwe sijawahi kumwona Shangazi yangu akipewa neno na kushindwa kulifikisha. Alikishusha kile kitambaa. Akanitafuta kwa yale macho yaliyovimba, macho niliyoyaumiza mimi, akanitazama kwa muda mrefu kidogo.

Kisha akainuka, akajifunga vizuri kanga kiunoni, akamgeukia Yonathani.